Kipimo cha Mkunga

Nina kabati moja la vitabu, na wateja wangu wote wamo humo.

Mimi ni fundi wa nguo za kike. Nashonea nyumbani, chumba cha mbele, na cherehani nimeielekeza dirishani ili macho yakitoka kwenye kitambaa yaangukie geti. Nisipoliona geti mikono inakuwa mizito. Mume wangu, ambaye ni fundi wa mafriji, huwaambia watu kwamba mimi sishoni, nalinda, na cherehani ni kisingizio tu. Aseme. Yeye hajawahi kuhesabu watoto mara nne kabla ya saa sita mchana.

Watoto wenyewe ni mabinti watatu. Mkubwa tunamwita Hakimu, kwa sababu tangu aanze kuongea hakuna jambo lililopita mbele yake bila kuhukumiwa. Wa kati ni Karani, ana miaka kumi na tatu, na akiona ndala imelala ubavu hawezi kuendelea kula mpaka aende akainyooshe. Wa mwisho ana miaka mitano, mfupi, mnene, anaitwa Kizibo. Jina hilo alipewa na baba yake siku alipozaliwa, kwamba huyu ndiye aliyefunga chupa. Siku ile nilikuwa nimechoka mno kugombana.

Shule niliishia darasa la saba. Vitabu nilianza kuvipenda ukubwani, na ni karanga zilizonifikisha huko. Muuza karanga wa pale kona hununua vitabu vilivyochakaa kwa gunia, anachana kurasa, anakunja vifuko. Siku moja nikafungiwa karanga zangu katika ukurasa wa hadithi. Mwanamke mwenye nyumba ya wageni amefunga mlango kwa komeo, mgeni aliye ndani ana kisu kwenye begi, nao wanatazamana. Hapo ukurasa ukaisha. Nilikula zile karanga bila kusikia ladha, nikarudi kona mbio kama niliyesahau mtoto. Alikuwa ameshachana kurasa zote za mwisho. Kilichobaki akanipa, nami nikamshonea aproni. Tangu hapo akipata hadithi ananiwekea. Sasa ninavyo vitabu kumi na tisa. Saba havina mwanzo au havina mwisho, lakini nimezoea. Navimalizia mwenyewe kichwani huku nasubiri pasi ipate moto.

Jinsi wateja walivyoingia humo ni hivi. Zamani niliandika vipimo kwenye daftari, jina na namba. Siku moja mke wa mwenye duka alikuja kuchukua sketi, nami nikatoka kidogo kuangalia Kizibo yuko wapi. Niliporudi alikuwa ameshalisoma daftari kama barua yake. Kufikia jioni mtaa mzima ulijua kiuno cha jirani yake kimefika inchi ngapi. Mwenye kiuno hakunisalimia miezi mitatu. Daftari nikalichoma. Kuanzia siku ile naandika namba tupu kwenye kikaratasi chembamba, bila jina, nakichomeka ndani ya kitabu, mkia ukining'inia nje. Kila mteja na kitabu chake. Nani yuko wapi, na kwa nini, najua mimi peke yangu. Mwalimu wa chekechea, msichana mwembamba anayeshusha pumzi hata akiulizwa saa, nilimweka kwenye kile cha binti aliyemwandikia barua mtu asiyemjua. Mke wa mwenye duka yumo kwenye kile cha jasusi wa tundu la ufunguo. Hajui, na asijue.

Na Mkunga nilimweka kwenye kile cha kwanza kabisa, cha mwanamke wa nyumba ya wageni.

Mkunga amefanya kazi kwenye kituo chetu cha afya miaka thelathini na mmoja. Binti zangu wote watatu wamepita mikononi mwake. Kizibo alikuja kitovu kimemzunguka shingo mara mbili, rangi yake kama wino. Sikuambiwa kitu. Mkunga aliniambia tu, "Mama, tazama ile saa ya ukutani, uwe unanitajia dakika." Basi nikawa natazama saa, nataja. Nilipofika saa tisa na dakika kumi na saba, mtoto akalia. Ndipo nikaona jasho lilivyomlowanisha Mkunga mgongo.

Siku moja alikuja kupimwa. Miezi miwili baadaye akaja na kitambaa. Alikitoa kwenye mfuko, akakifungua juu ya meza yangu polepole, kana kwamba kuna mtu amelala ndani. Kijani, chenye ndege weupe wadogo, yadi nne, hakijawahi kuguswa na mkasi.

"Cha marehemu mama," akasema. "Aliniambia nikishone siku nitakayokuwa na jambo. Nimengoja jambo miaka ishirini. Basi jambo ndilo hili, Ijumaa ijayo wananiaga kazini."

"Kitapendeza, dada."

"Usiniharibie tu," akasema, akacheka. Nami nikacheka. Neno lile likabaki kifuani kama sindano iliyosahaulika kwenye pindo.

Jumapili niliporudi kutoka kumsalimia shangazi yangu, nilikuta kabati limebadilika. Karani alikuwa amevivisha vitabu vyote karatasi ya kaki, kwa gundi aliyoipika mwenyewe kwa unga, na mgongoni mwa kila kimoja ameandika jina la kitabu kwa mwandiko wake mzuri. Vimesimama kwa urefu, kama watoto wa gwaride.

"Vikaratasi vyangu?" nikauliza kabla hata ya kushukuru.

"Sikugusa hata kimoja, mama. Kila kimoja kiko ndani ya kitabu chake."

Nikatazama. Mikia yote ilikuwa inaning'inia. Nikambusu utosini.

Jumatatu ilikuwa siku ya kwanza ya Hakimu kwenye mafunzo ya maabara, upande wa pili wa mji. Tulikubaliana anipigie saa sita. Saa sita ikafika, ikapita. Nikajiambia, kata kitambaa, mikono ikiwa na kazi kichwa kitatulia. Nikavuta mkia kutoka kwenye kitabu kilichoandikwa jina la nyumba ya wageni. Kifua thelathini na sita, kiuno ishirini na tisa, nyonga thelathini na tisa. Mkunga siku zote huvaa nguo pana kama hema, kwa hiyo macho yangu hayakuwa na cha kubishana na namba. Nikachora kwa chaki, sikio moja kwenye simu. Nikakata. Simu ikalia saa saba na nusu.

"Ulikuwa wapi?" nikapiga kelele.

"Nilikuwa nakula, mama. Watu hula."

Jioni nikaunga vipande kwa bandi, zile hatua ndefu za kushikizia tu, nikaona nimewahi.

Jumanne asubuhi niliweka pasi kwenye umeme, nikachukua kitabu cha nyumba ya wageni nisome mawili matatu wakati inapata moto. Nikafungua. *Kwako usiyenijua*, kilianza. Nikafunga, nikatazama mgongo, nikafungua tena. Ilikuwa ni barua ya yule binti. Nikachomoa kitabu cha barua, nikafungua, na huyo hapo mwanamke wangu amesimama na komeo lake. Kikaratasi chake kilikuwa humo humo, mahali pake, hakijasogea. Arobaini na moja. Thelathini na sita. Arobaini na tano.

Vitabu hivyo viwili vina unene mmoja na urefu mmoja. Karani alikuwa amevivisha nguo zisizo zao, na mimi nilikuwa nimekata kitambaa cha marehemu mama yake Mkunga kwa mwili wa mwalimu wa chekechea.

Nilikaa chini. Sikufika kwenye kiti. Nilikaa sakafuni, nikamwita mama yangu, ambaye naye ni marehemu.

Nikapima vipande mara tatu, kama vile vingeona haya viongezeke. Inchi sita zilikosekana nyongani. Mabaki nikayapanga sakafuni. Yalitosha leso, si ubavu wa mtu. Nikamfunga Kizibo mgongoni, mkubwa vile, nikapita maduka yote ya vitambaa na kipande mkononi. Muuzaji wa mwisho alivaa miwani, akakigeuza, akanirudishia.

"Hiki, mama, hata aliyekichora ameshakisahau."

Karani aliporudi shuleni alikuta vitabu viwili vimelala wazi mezani. Hakuambiwa. Alitazama kimoja, akatazama kingine, akavinyoosha vikae sambamba.

"Nilivipaka gundi vyote viwili pamoja," akasema. "Ili kwenda haraka. Nilitaka umalize kushangaa kabla ya chakula."

"Si kosa lako."

"Ni lake kidogo," Hakimu alisema kutoka mlangoni, mkoba bado begani. "Kosa la Karani ni jalada. Kosa lako, mama, ni kutoandika majina. Hukumu: Mkunga aambiwe leo."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuulizwa, lakini kasema kweli," mume wangu akadakia. "Mimi friji ya mtu ikifia mikononi mwangu, namwambia kabla hajaweka nyama."

"Friji haikuachwa na marehemu!"

Nikasema nitamwambia. Nikatoka mpaka getini, nikalifunga, nikalifungua, nikalifunga tena, nikarudi ndani. Siku hiyo sikumwambia. Nilifikiria uongo wa kila namna, na kila mmoja niliushona ukaonekana mshono.

Jumatano saa kumi nikamwona anakuja, na sare yake ya kazi ya bluu, siku moja kabla ya siku tuliyopatana. Faida ya kukaa dirishani ni hiyo, unapewa nusu dakika. Nililitupa gauni chini ya blanketi la Kizibo kwenye kochi.

"Karibu, dada! Mbona mapema?"

"Moyo umenishinda. Nikasema nipite nijaribu."

"Ah, bado sijakata. Mkanda wa cherehani umekatika, nasubiri mwingine."

"Mama amekata," Kizibo akasema. Alikuwa sakafuni anamvisha mdoli wake tambara. Wala hakuinua kichwa. "Jana akakaa hapa chini, akalia, akaita mama yake."

Mkunga aliweka mkoba wake mezani. Yale macho nayajua. Ndiyo aliyonitazama nayo aliponiambia nimtajie dakika.

"Lete," akasema.

Nikalitoa. Nikamweleza yote, haraka haraka, vitabu, kaki, gundi, mikia, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwenda wazimu. Alikuwa anapapasa wale ndege kwa kidole gumba.

"Umekikata chote?"

"Chote."

Alivuta pumzi. Kisha akaanza kufungua vifungo vya sare yake.

"Dada, halitaingia. Linakosa inchi sita."

"Fundi, mimi nimetoa watu kwenye njia nyembamba kuliko hii."

Akaitundika sare kwenye kiti, akainua mikono, akaingia. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia nusu. Hapo ndipo alipokwama. Mikono juu, kichwa ndani, hakuna kinachokwenda mbele wala kinachorudi nyuma.

"Vuta!" sauti ikatoka ndani.

"Navuta!"

"Huvuti, unasukuma!"

"Tulia basi. Hema, dada. Hema polepole."

"Wewe unaniambia mimi niheme?"

Kizibo alisogea karibu, akainama, akachungulia chini ya kitambaa. "Kichwa kinaonekana," akatangaza. Mkunga akaanza kucheka mle ndani. Kicheko kikamjaa tumbo, bandi zangu zikakatika pande zote mbili, trrr, kuanzia kwapani mpaka chini, na gauni likamshuka mwilini peke yake. Mbele lilikaa sawa. Nyuma lilikaa sawa. Ubavuni, kushoto na kulia, palikuwa na mwanya wa inchi tatu, unaona shimizi.

Alikwenda kwenye kioo. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Akajishika mabega, akajitazama na wale ndege kwa muda mrefu, na macho yakamjaa machozi. Mimi nilikuwa naitazama ile mianya. Ilikuwa imenyooka kabisa, kama njia mbili ambazo mtu amezipima. Halafu nikaitazama sare kwenye kiti.

"Dada, hii utaivaa tena baada ya Ijumaa?"

"Niivae wapi? Kutwangia?"

"Nipe."

Akageuka. "Umeniharibia kitambaa cha mama yangu, sasa unataka na nguo yangu ya kazi."

"Ndiyo."

Sijui nilipata wapi ule ujasiri. Nilitaka kurudisha neno, likakataa. Alikwenda kwenye kiti, akaishika sare kwenye kola, pale palipopauka kwa kufuliwa. Akatoa kalamu mfukoni. Akatoa kipande cha uzi wa kufungia kitovu, akakitazama, akakirudisha kwenye mkoba wake.

"Kesho nitavaa ile nyingine," akasema. "Chukua." Kisha, kwa sauti tofauti: "Hivi kitabu ulichoniweka ni kipi?"

Hilo ndilo nililoliogopa kuliko yote. Nikakivua kile kitabu jalada lisilo lake, nikampa.

"Ni cha mwanamke mwenye nyumba ya wageni."

"Mnene?"

"Kitabu hakisemi."

"Anafanya nini huyo?"

"Watu wanapita kwake, wanamwambia siri zao zote. Wamefanya nini, wanamkimbia nani. Na yeye hajatoa hata moja."

Alifungua, akafunga. "Na mwisho wake?"

"Sina. Ulifungiwa karanga."

Akakitia mkobani bila kuomba. Akaondoka amevaa kanga yangu na koti la kazi la mume wangu, lenye picha ya friji mgongoni, akipunga mkono kama waziri. Mke wa mwenye duka alitoka mpaka barabarani kumtazama.

Alhamisi sikufungua dirisha. Karani aliifumua sare, mshono kwa mshono, hakukata hata uzi mmoja wa kitambaa. Alinisomea namba kwa sauti kutoka kwenye kikaratasi, nami nikazirudia, kisha akanisomea tena. Kizibo aliokota pini kwa sumaku ya mlango wa friji ya baba yake. Nikaingiza ile bluu ubavuni, kutoka kwapani mpaka kwenye pindo, nikapiga mshono mara mbili, na mahali pa kwapa mara tatu. Nilipolipiga pasi nikaona bluu na kijani vimekubaliana. Sikusema, nisije nikalitia nuksi.

Ijumaa viti vya plastiki vilipangwa kwenye uwanja wa kituo cha afya. Nilichagua kiti cha pembeni ili niuone ubavu wa kulia. Kwenye kola yangu nilikuwa na sindano mbili, moja ina uzi wa kijani, moja wa bluu. Mganga mkuu alisema, wauguzi wakaimba, mimi sikusikia. Nilikuwa natazama kwapa.

Mke wa mwenye duka alikuwa amekaa nyuma yangu. Nikasikia pumzi yake shingoni.

"Fundi. Ile bluu ya ubavuni vipi? Kitambaa kilikupungukia?"

Nikafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Mkunga akapewa kipaza sauti.

"Naona mnaitazama nguo yangu," akasema. "Hiki cha kijani ni cha mama yangu. Hii bluu ni sare yangu, ile mnayoijua. Nilimwambia fundi wangu siendi nyumbani bila sare yangu, aitie humo. Akakataa. Akasema nitamharibia mtindo. Tumebishana huyu mtu na mimi mpaka nikamshinda."

Watu wakapiga makofi. Wakati anasema hayo hakunitazama hata kidogo. Alitazama dirisha la wodi ya wazazi, juu ya vichwa vyetu, kule ndani iliko saa.

Kisha akainua mikono yote miwili kuwaaga watu, na mimi nikashika kiti. Ukavutika mshono, ukanyooka, ukatulia. Akaishusha, akaiinua tena, kwa makusudi mwanamke yule, na ukatulia tena.

"Na mimi nataka hivyo," mke wa mwenye duka akaninong'oneza. "Ubavuni."

"Njoo Jumatatu," nikasema. "Tutakupima."

Tulipopanga mstari wa kumpa mkono, Karani alikuwa mbele yangu. Mkunga alimshika mashavu, akamwambia jambo sikioni, na mtoto akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Mpaka leo hataki kuniambia ni jambo gani. Zamu yangu ikafika. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Nimefika pale kwenye komeo," akasema polepole. "Yule mgeni na kisu chake. Usinihadithie kinachofuata."

"Sina cha kukuhadithia, dada. Nakuja kwako unihadithie wewe."

Nyuma yangu watu walikuwa wanasukuma. Alitaka kuniachia mkono, sikumwachia.

"Geuka kidogo," nikamwambia. "Ubavu wa kushoto sijauona."